Gizani Ndani ya Kigari: Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wapenzi wa safari za gizani, yaani ile michezo ya viwanja vya burudani ambamo unaketi kwenye kigari au mashua na kupitishwa ndani ya jengo lisilo na madirisha, ni sehemu gani wanazipenda na zipi zinawatoa jasho. Barua nyingi zilirudi na maswali badala ya majibu. Tumechagua haya.

Najua fika kwamba lile fuvu ni la plastiki na limefungwa kwenye chuma. Nimeshapita hapo mara tatu. Kwa nini bado naruka kwenye kiti?

Kwa sababu mwili hausubiri maoni yako. Mlio mkali wa ghafla hukufumbisha kope ndani ya sekunde 0.05 hivi, kabla akili haijatambua ni mlio wa nini. Mabega yanapanda, shingo inajikunja, ndipo unaanza kujicheka. Kujua kuwa ni plastiki kunakata ile hofu ya baadaye. Mshtuko wenyewe unabaki palepale.

Ila fuvu peke yake halina nguvu. Kinachokushtua ni mahali ulipokuwa unatazama sekunde mbili kabla halijatokea. Wajenzi wa zamani walilielewa jambo hili wakiwa na vifaa duni kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Leon Cassidy wa Bridgeton, New Jersey, nchini Marekani, alianza kuuza vigari vya umeme vilivyopita juu ya reli moja yenye kona kali mno. Kampuni yake ikaitwa Pretzel, kama ule mkate uliosokotwa. Hakukuwa na kompyuta. Kigari kilisukuma milango kwa pua yake, kikakanyaga wenzo kando ya reli, na wenzo ukawasha taa, ukapiga kengele na kukirusha kikaragosi mbele, vyote kwa pamoja. Kona ilikuwa nusu ya kazi: kigari kikigeuka ghafla, uso wako unageuzwa nacho, na unajikuta ana kwa ana na kitu ambacho hukukichagua kukitazama.

Utaratibu huo haujabadilika sana. Unapewa taa ndogo au mchoro wa kuvutia upande wa kushoto, kichwa kinaelekea huko, kisha kitu kinatokea kulia. Au unapigwa hewa ya kompresa shingoni kutoka kwenye kitundu usichokiona. Au nyuzi laini zilizoning'inizwa darini zinakupangusa paji la uso. Hizo nyuzi ndizo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote, na kwa maoni yetu hakuna roboti iliyozishinda, maana macho hayawezi kukuonya.

Ukitaka kukijua kitakachokuja, usitafute zimwi; tafuta utupu. Kipande cha ukuta mweusi kisicho na pambo lolote katikati ya mandhari iliyojaa vitu ni mlango wa kitu. Kigari kikipunguza mwendo bila sababu, kinalisubiri tukio. Na ukisikia *fsss* fupi, ujue ni vali ya hewa inayofunguka. Una sekunde kama nusu hivi. Angalia pia kona mbili zinazofuata baada ya mshtuko wa kwanza: mara nyingi zimeachwa tupu kwa makusudi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, kwa hiyo mjenzi hupata kelele mbili za bure bila kutumia hata balbu.

Wale mizimu wanaocheza dansi kwenye ukumbi wa Haunted Mansion, lile jumba la mizimu la viwanja vya Disney, wanapitisha mwanga kama moshi, lakini si moshi. Ni skrini?

Si skrini. Ni kioo, na ujuzi wenyewe una zaidi ya miaka 160. Mhandisi Henry Dircks alibuni wazo, na mhadhiri wa sayansi John Henry Pepper akalionyesha jukwaani mjini London mwezi Desemba 1862. Ndiyo maana mafundi huuita mzimu wa Pepper. Haunted Mansion ya Disneyland, California, iliyofunguliwa Agosti 1969, iliuchukua na kuukuza hadi ukajaa ukumbi mzima. Unapopita roshani, kuna vioo vikubwa kati yako na ukumbi. Samani unazoziona ng'ambo ya kioo ni za kweli. Wachezaji wako chini na juu ya njia ya vigari, mahali usipoweza kupaona, na unachokitazama ni taswira yao kwenye kioo. Taa zao zikizimwa, wanatoweka, zikiwashwa, wanarudi. Mwangalie mwanamke na mwanamume wanaozunguka pamoja: mwanamke ndiye anayeongoza dansi. Kioo kimegeuza kushoto kuwa kulia.

Unaweza kuutengeneza mezani. Chukua katoni yenye upande wa sentimita 40 hivi, toa upande wa mbele, na upake ndani rangi nyeusi isiyong'aa au uibandike kitambaa cheusi. Weka kiti kidogo cha kuchezea mwishoni, katikati. Chukua kioo cha fremu ya picha, cha milimita 2, ukisimamishe kwa pembe ya nyuzi 45 mbele ya kiti. Kata tundu ubavuni, upande ule ambao kioo kinauelekea, na nje ya tundu weka kisanduku cha pili cheusi chenye mwanasesere ndani. Mmulike mwanasesere kwa tochi. Ukitazama kutoka mbele, utamwona ameketi kwenye kiti.

Ataketi vizuri kwa sharti moja: umbali kutoka kioo hadi kwa mwanasesere uwe sawa na umbali kutoka kioo hadi kwenye kiti. Akiwa mbali zaidi ataonekana amezama ukutani. Akiwa karibu ataelea mbele ya kiti. Hapo ndipo wengi wanapokosea, halafu wanailaumu tochi. Makosa mengine: kioo kinarudisha takriban asilimia 10 tu ya mwanga, kwa hiyo mwanasesere amulikwe sana na kiti kimulikwe kidogo. Mwanga wa tochi ukigusa kioo chenyewe, vumbi na alama za vidole zitang'aa na siri itafichuka. Kioo kinene kinatoa mizimu miwili iliyopishana kidogo, kwa sababu uso wa mbele na uso wa nyuma vyote vinarudisha taswira.

Mwanga unaovuja umewahi kuwashinda hata wakubwa. Mzimu mmoja wa jumba hilohilo la Haunted Mansion, aliyebeba sanduku la kofia, alitakiwa kichwa chake kipotee shingoni na kutokea ndani ya sanduku. Mahali alipowekwa, mwanga wa jirani ulimfikia. Taa ya uso ikizimwa, kichwa bado kilionekana. Aliondolewa muda mfupi tu baada ya ufunguzi, na hakurudi California hadi 2015, akiwa na mtambo mpya.

Na zile sanamu zinazokufuata kwa macho? Hazina mota hata moja. Uso umechongwa kuingia ndani, kama barakoa iliyotazamwa kwa nyuma, na umemulikwa ili usijue ni shimo. Ubongo umezoea nyuso zilizotokeza nje, unalazimisha huo nao uwe hivyo, na kila unaposogea uso unaonekana kugeuka nawe. Jaribu kwa barakoa ya plastiki: ielekeze kinyume, imulike kwa nyuma, simama mita 3, fumba jicho moja, kisha tembea upande.

Kipi kinatisha zaidi: kitu kinachokurukia au chumba kinachogeuka? Mume wangu na mimi tumebishana wiki nzima.

Chumba, dada, na tunaomba radhi kwa mume kama yuko upande wa fuvu. Kitu kinachokurukia kinaisha kwa sekunde moja. Chumba kinachogeuka kinakunyang'anya sakafu, na ukishanyang'anywa huna pa kuegemea.

Mfano wa kale ni bembea ya kimizimu iliyoonyeshwa San Francisco mwaka 1894. Watu waliketi kwenye bembea kubwa iliyoning'inia katikati ya chumba chenye meza, viti na taa. Bembea ikaanza kwenda, ikapanda, ikapanda, mpaka ikaonekana kupinduka duara zima, watu wakajishika kwa nguvu zote. Bembea yenyewe ilisogea kidogo tu. Kilichozungushwa kilikuwa chumba, na samani zote zilikuwa zimepigiliwa. Kiwanja cha burudani cha Efteling, Uholanzi, kilifungua Villa Volta mwaka 1996 kwa kanuni hiyohiyo: mabenchi yanayumba kiasi, na chumba kinazunguka kama pipa. Anayefumba macho pale anagundua kwamba ameketi karibu wima muda wote. Jaribio hilo ni la bure, ingawa linaharibu uhondo.

Indiana Jones Adventure ya Disneyland, ya mwaka 1995, inatumia hila ya jamii hiyo pale jiwe kubwa linapobingirika kukujia. Unahisi gari linarudi nyuma kwa hofu. Kumbe kuta na dari ndizo zinazosogea mbele, na macho yako yanakuambia kwamba wewe ndiye unayerudi. Jiwe halikukaribii sana; ila gari limelalia mitambo ya haidroliki inayolitikisa, na mtikisiko unatosha kuupa uongo wa macho ushahidi wa mwili.

Nayo safari ya Spider-Man ya Orlando, iliyofunguliwa 1999, inakuangusha futi 400, kama mita 120, kutoka juu ya majengo. Gari haliondoki sakafuni. Linainama, linatetemeka, upepo unakupiga, na picha inakimbia kuelekea juu. Wanaoshuka hapo wakiwa wamekakamaa mikono ni wengi.

Je, Tower of Terror, ile safari ya lifti ya Disney, inaanguka kweli, au nayo ni hila ya picha?

Inaanguka, tena kwa kuvutwa. Ile ya Florida, iliyofunguliwa Julai 1994, ina kebo zilizoshika chumba cha lifti juu na chini, na mota kubwa zilizo juu ya mnara zinakivuta kwenda chini kwa kasi zaidi ya kile ambacho kingejiangukia. Ndiyo maana makalio yanaachana na kiti na mkoba usiofungwa unaelea. Kompyuta huchagua mpangilio wa kushuka na kupanda, kwa hiyo kukariri hakusaidii.

Hata hivyo, sehemu iliyopangwa kwa ustadi zaidi ni kabla ya anguko. Lifti inasimama, milango inafunguka, kisha kigari kinatoka mbele, nje ya lifti, na kupita chumba chenye giza. Lifti haitembei mbele. Kila mtu anajua hivyo. Huko gizani kinaingia kwenye shimo la pili bila abiria wengi kutambua. Usipojua uko ghorofa ya ngapi wala unaelekea wapi, tumbo linaanza kazi yake mapema.

Giza hufanya vivyo hivyo kwenye Space Mountain, ile treni ya Disney inayokimbia kwenye reli za milima na kona ndani ya jengo lenye giza. Ile ya Florida inafika kama kilomita 45 kwa saa tu, mwendo wa gari la mjini, lakini watu hushuka wakiapa walikuwa wanapaa. Usipoiona kona, huwezi kukaza shingo kuingoja.

Mwanangu ana miaka sita na anataka kupanda kila kitu. Nianze na nini?

Kibao cha urefu getini kinapima kama chuma cha kumbana mapajani kitamshika. Hakipimi moyo wake. Haunted Mansion haina kikomo cha urefu, na bado ina chumba cha mwanzo kinachorefuka huku taa zikizimwa, ambacho huliza watoto wengi kuliko mteremko wowote. (Chumba hicho California ni lifti inayoshuka, kwa kuwa abiria lazima wapite chini ya reli ya treni, Florida sakafu haisogei, dari ndiyo inayopanda. Mwambie mtoto ukweli huo mapema: wengi hupenda kuwa na siri ambayo wakubwa wengine hawaijui.)

Watoto wadogo huogopa kelele kuliko sura. Ndiyo maana kumfumba macho hakusaidii: masikio yanabaki wazi na kichwa chake kinachora kitu kibaya zaidi ya kilichopo. Mpe viziba masikio vya kuvaa kichwani, kisha mwambie mfuatano: mlango, giza, mvumo, mteremko mmoja, taa. Usimwambie "hakuna kitu". Atakutana na kitu, na hatakuamini tena siku hiyo.

Anza na safari za mashua za mwendo wa taratibu, lakini uliza kwanza kama zina miteremko. Pirates of the Caribbean ya Disneyland ina miwili gizani. Ya Florida ina mmoja. Kaa safu ya kati: ya mbele inaona shimo na kulowa. Pia simama karibu na mlango wa kutokea kwa dakika tano uangalie nyuso za watoto wenye umri wa wako. Hakuna brosha inayosema kweli kama hizo nyuso.

Safari za skrini zinanipa kichefuchefu, za kushuka hazinipi. Inakuwaje?

Kwenye kushuka, macho na sikio la ndani, ambalo ndilo linalohisi mwendo, vinakubaliana. Kwenye skrini, macho yanasema umepinda kona na sikio linasema umeketi. Ubishi huo ndio unaopindua tumbo. Omba kiti cha katikati, kwani pembeni picha inapinda na ubishi unazidi. Dalili ya kwanza, yaani mate kujaa au jasho jembamba, kaza macho kwenye ukingo wa kigari au kichwa cha aliye mbele. Ikizidi, fumba macho kabisa: kwa kiti kisichosafiri mbali, nusu ya ubishi inaisha papo hapo. Vua miwani ya picha za kina (3D) ikiwa tu umefumba macho, kwa kuwa bila miwani picha zinakuwa mbilimbili na utazidi kuumwa. Usipande ukiwa na njaa kali wala umeshiba ndindindi.

Tulisimama ghafla katikati ya giza kwa dakika kumi. Hakuna aliyetuambia kitu. Nilitaka kushuka nitembee. Ningekosea?

Ungekosea sana, na tutaeleza kwa urefu kwa sababu hili ndilo tukio la kutisha ambalo hakuna mbunifu aliyelipanga.

Kwanza, kusimama kwingi si ajali. Kwenye safari za mnyororo, zile za vigari vinavyofuatana bila pengo kama Haunted Mansion, vigari vyote vinaendeshwa pamoja. Mtu mwenye kiti cha magurudumu akihitaji muda wa kupanda kule mwanzo, nyote mnasimama. Kwenye reli za vigari vinavyojitegemea, njia imegawanywa vipande, na kila kipande kinaruhusiwa kigari kimoja. Cha mbele kikichelewa, cha nyuma kinazuiwa. Sensa moja ikisoma kitu kisichoeleweka, kompyuta haikisii, inasimamisha. Tope la vumbi kwenye jicho la sensa linaweza kuwaweka watu arobaini gizani. Na mara nyingi mno chanzo ni abiria: kofia imeanguka njiani, au mtu ametoa mguu nje akakanyaga mkeka unaohisi uzito. Kamera zinazoona gizani zimemwona. Mwendeshaji ameminya kitufe chekundu.

Sasa, kwa nini usishuke. Reli ya umeme inaweza kuwa hai. Sakafu imepakwa nyeusi ili usiione, pamoja na mashimo yake, vidato vyake na mikono ya sanamu inayotembea kwa mota. Vigari vinaweza kuondoka bila honi. Na ukishatoka, mfumo hauwezi kuwashwa tena mpaka upatikane, kwa hiyo dakika kumi zitakuwa arobaini.

Wakiamua kuwashusha, utaona dalili: muziki unakatwa, taa za kazi zinawaka, mhudumu anakuja na kufungua vyuma kigari kimoja baada ya kingine, kwa ufunguo au kwa kukanyaga pedali. Shuka upande anaouonyesha, huo tu. Ukipata bahati hiyo, inua macho: utaona mabomba, nyaya, plywood, na jinsi mlima wa kutisha ulivyo sponji iliyopakwa rangi. Wapenzi wengine huihesabu kuwa safari bora ya maisha yao.

Moshi ni habari nyingine. Moto wa Ghost Train ya Luna Park, Sydney, Juni 1979 uliua watu 7, na ule wa Haunted Castle huko New Jersey, Mei 1984, jumba la kutembea kwa miguu, uliua vijana 8. Baada ya hapo kanuni za Marekani zikataka majumba ya aina hii yawe na vinyunyizio vya maji na ving'amuzi vya moshi ambavyo, vikihisi, vinawasha taa na kuzima sauti na picha za kuchanganya. Kwa hiyo taa zikiwaka na muziki ukakatika ghafla huku unanusa kuungua, hapo fuata sauti ya mhudumu na alama za kutokea mara moja. Ukungu wa maonyesho mara nyingi una harufu tamutamu, na kwa kawaida haukwaruzi koo sana. Moshi wa kweli unakwaruza.

Nikirekodi kwa simu bila kuwasha tochi, namsumbua nani?

Unawasumbua wote walio nyuma yako, pamoja na wewe mwenyewe. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kikamilifu, na skrini ya simu inalirudisha nyuma hata kwa kutazama mara moja. Kisha video itakuwa ya chengachenga, kwa kuwa mandhari nyingi zinamulikwa na taa za urujuanimno (UV) ambazo kamera ya simu haizielewi vizuri. Shati jeupe nalo ni kosa dogo la aina hiyo: sabuni za kufulia huacha kemikali inayong'aa chini ya taa hizo, na utawaka kama mmoja wa mizimu. Vaa rangi nzito. Ukiwa kwenye foleni, funika jicho moja kwa kiganja kwa dakika kumi za mwisho, ulifunue kigari kinapopita mlango wa kwanza. Utaona kona ambazo jirani yako hazioni, pamoja na zile nyuzi za darini kabla hazijamgusa.